Wapagazi Wasio na Majina

Kila siku sisi wakazi wa Temeke na Kinondoni twapita Kariakoo kununua na kuuza, wala hatuulizi jina hilo limetoka wapi. Latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji huu mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wao walipiga kambi mahali hapo.

Watu hao hawakushika bunduki. Walibeba risasi na chakula cha askari, wakafa kwa njaa, kuhara damu na homa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile vya 1914 hadi 1918 wakadiriwa kupita 90,000. Wajerumani nao walikamata watu vijijini wawachukulie mizigo. Hata waliobaki nyumbani hawakusalimika: Ugogo majeshi yalitwaa ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua ikakosa, ikaja njaa ya Mtunya.

Sasa itazameni Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini mwaka 1927. Juu yake yuko mwenye bunduki, peke yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini tu. Huko Nairobi angalau amesimamishwa pamoja na askari. Maandishi hayo yaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina gani, ikiwa halikuandikwa hata moja?

Wako wasemao, "Walikuwa wengi mno, nani angaliweza kuwaandika?" Hoja hiyo haisimami. Marekani walipigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 hadi 1865, na katika ukumbusho uliozinduliwa Washington mwaka 1998 yameandikwa majina 209,145 ya waliotumika katika vikosi vya watu weusi. Kumbe wingi si kizuizi penye nia.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Lakini kuomba radhi si kuandika.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Waliokufa ni babu zetu, nasi tumenyamaza. Basi mwulize mzee wa ukoo wako leo, kabla hajafumba macho: nani alichukuliwa, wala hakurudi? Andika jina lake. Nasi walimu tuwape wanafunzi kazi hiyo kwanza, ndipo tuwafundishe habari za majemadari.