MWANI WETU, DAWA YA MENO YAO

Vijana wenzangu wa maskani, leo twendeni Chwaka. Maji yakipwa utawaona mama zetu na dada zetu wameinama, maji ya magoti, wanafunga mwani kwenye kamba. Kazi ya jua, chumvi na kuumwa mgongo.

Kamba zenyewe ni za nailoni. Bibi zetu walikuwa wakifukia makumbi pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayapiga wakapata usumba, wakasokota kamba. Kamba za kiwandani zilipoingia, soko la usumba likafa. Hakuna aliyewauliza mabibi watakula nini.

Mwaka 1989 kikaanza kilimo cha mwani wa biashara, kwa mbegu za Ufilipino. Tukaambiwa neema imefika. Wanaume wengi walijaribu, wakaona bei haimlishi mtu, wakaacha. Wanawake wakabaki. Mwani ukikauka hutiwa guniani ukasafirishwa nje, na huko viwandani hutolewa karajinani, kitu kinachotia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Halafu dawa hiyo ya meno tunakwenda kuinunua Darajani. Jee, nani kala faida?

Sasa na bahari nayo imepata joto. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, tangu miaka ya 2000 unakufa kwenye maji madogo. Uliobaki zaidi ni spinosamu, wa bei ya chini. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar wamejaribu kuulima maji marefu, kwenye ubaridi. Huko kunataka chombo na mtu ajuaye kuogelea. Mama zetu wengi hawajui. Sisi tunajua, lakini tumekaa barazani tunasubiri ajira ya hoteli!

Hata hivyo tusidanganywe. Tangu 2020 tuna wizara nzima ya Uchumi wa Buluu. Ikitugawia boti na kamba, halafu bei akapanga mnunuzi, tutakuwa vibarua walewale, ila wa maji marefu. Tunachodai ni ushirika wenye mizani yake, mafunzo ya kusarifu mwani, na viwanda hapa hapa Visiwani vinavyotoa karajinani, si gunia.

Wakubwa wanatutisha kwamba mashine zitatula kazi. Mashine si adui, ndugu zangu. Balaa ni mashine kuwa ya mwenzio, na kazi yako wewe ikawa kuibebea gunia.