Neno "Kubunguliza" Lina Kosa Gani?

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Mhariri amenipa ukurasa huu nitoe maoni yangu, na kwa vile hii ni mara yangu ya mwisho kuandika humu kabla ya mtihani, sitamung'unya maneno.

Mwaka jana mdogo wangu alirudi nyumbani na daftari la insha. Alikuwa ameandika kisa cha chuku. Chemosit alitoka Menengai, pale wazee wanaposema mashetani wana shamba lao, akateremka hadi ziwani akawabunguliza heroe kumi na saba, na mtu wa boda boda pamoja na helmeti yake. Kisha akaingia mtaani kwetu. Shosho wa mlango wa kwanza na gogo wa mlango wa pili wakatoka na miko. Chemosit akajaribu kuwabunguliza, lakini wapi! Hawakubungulizika.

Kalamu nyekundu ilipita kila mahali. "Hakuna neno kama hili." Shosho, gogo na chemosit nao walikatwa, eti si Kiswahili. Alama 6 kwa 20.

Tangu siku hiyo kijana ameacha visa. Ukimwambia "Hadithi! Hadithi!" anakwambia hajui yoyote. Insha zake zote sasa huanza jogoo akiwika, jua likichomoza na ndege wakiimba, awe anaandika juu ya harusi au ajali. Anapata 15.

Jameni, hebu tulitazame neno lenyewe. Kubunguliza, kwa maelezo yake, ni kumeza kitu kizima bila kutafuna huku unacheka. Heroe walibungulizwa: hiyo ni kauli ya kutendwa. Wazee hawakubungulizika: kauli ya kutendeka, tena katika ukanushi. Hakukosea hata mara moja, na neno hilo hakulikariri popote kwa sababu halikuwako. Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa mnyambuliko wa vitenzi, utapata wapi kipimo bora kuliko hicho? Sisi wa Kidato cha Nne tunavurunda kutendeka kwa vitenzi vilivyomo kwenye kamusi!

Isitoshe, tunaowakataza watoto kuunda maneno tunafundishwa maneno ya kuundwa. "Tarakilishi" ilipatikana kwa kushikanisha tarakimu na akili. "Pikipiki" nayo imeigwa kutoka kwa mlio wa injini, kama afanyavyo mtoto yeyote anayecheza uani. Ndugu zetu wa Tanzania nao walichukua amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva akae kushoto, wakaisukuma katika ngeli ya KI-VI: kipilefti, vipilefti. Huo si mchezo?

Na maneno ya kigeni je? Chemosit ni zimwi la Wanandi, lenye mguu mmoja na mdomo unaowaka usiku kama taa. Hollis alimwandika katika kitabu chake cha 1909. Ukimwita "zimwi" tu, umemzima taa. Shosho na gogo ndio wananiuma zaidi. Hapa Nakuru, Januari 2008, majirani walifukuzana na wengine wakauawa, na lugha ya mama ya mtu ilitosha kumponza. Mdogo wangu hakuambiwa na yeyote awasimamishe wazee hao wawili pamoja na miko yao. Aliwaandika kama anavyowaona kila jioni. Ukiwaita wote "nyanya", kisa kinapoteza nusu ya utamu wake.

Msinielewe vibaya. Barua rasmi si mahali pa kubunguliza, na kwenye KCSE nitaandika kama mtahini anavyotaka, sina ujasiri wa bure. Aidha, si kila neno geni ni mchezo. Anayeandika "nikafeel baridi" hachezi, amechoka tu kutafuta "nikahisi". Huyo mkateni.

Ninachoomba ni kimoja. Chama kitenge kurasa mbili katika toleo la mwakani kwa visa vya chuku kutoka shule za msingi za jirani. Maneno ya kubuni yakubaliwe, mradi ngeli na kauli ziwe sawa.

Nilitaka kisa cha mdogo wangu kichapwe humu kiwe cha kwanza. Nilipomwomba daftari, alisema limepotea. Mimi ndiye ninayetandika kitanda chetu, najua liko chini ya godoro.