Kifafa: Dua na Dawa Havigombani

 

Ndugu Waislamu, mwezi Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti juu ya maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ripoti ilieleza kuwa maradhi hayo huua watu zaidi ya milioni 11 kila mwaka, na kwamba nchi zenye sera ya kitaifa ya kukabiliana nayo hazifiki theluthi moja. Kabla ya hapo, Mei 2022, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva uliridhia mpango wa hadi mwaka 2031, unaozitaka serikali kuongeza kwa asilimia 50 huduma kwa wenye kifafa.

Leo tunakitazama kifafa peke yake, kwani humo elimu imetangulia mbali na wagonjwa wameachwa nyuma. Duniani wapo wagonjwa wapatao milioni 50, na karibu asilimia 80 yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. WHO inasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji.

Je, dawa ni ghali? La. Fenobabito imekuwa ikitumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Kinachowazuia wagonjwa ni umbali wa hospitali, uhaba wa dawa na wa wataalamu, na jambo la tatu linalotuhusu sisi watu wa dini: itikadi kwamba kila aangukaye amepandwa na jini.

Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alifanikiwa kunasa mikondo ya umeme wa ubongo wa mwanadamu. Tangu hapo imethibitika kuwa kifafa hutokea pale mikondo hiyo inapovurugika ghafla. Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, kiharusi. Wapo wanaokipata kwa mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maishani mwake anaweza kupatwa, na hapo tunaona hekima ya sheria yetu kusisitiza tohara.

Mfano ulio karibu nasi ni Mahenge, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya wenye kifafa, na akaandika habari za watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia. Ugonjwa wa namna hiyo ulionekana baadaye pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano mkubwa baina ya kifafa cha maeneo hayo na usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi weusi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi. Namna hasa usubi unavyoudhuru ubongo ingali inachunguzwa, lakini kinga inajulikana: vidonge vya ivamektini, vinavyogawiwa bure vijijini. Mzazi anayekataa vidonge hivyo kisha akamtafutia mwanawe mganga wa kupunga ameacha mlango wazi na kufunga dirisha.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: je, hatuamini majini? Tunaamini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa wapo si kuamini kuwa kila maradhi ni yao. Ibn Sina alikieleza kifafa katika vitabu vyake vya tiba kuwa ni maradhi ya ubongo. Imam Ibnul Qayyim, katika Zadul Maad, aligawa kuanguka mafungu mawili: kunakotokana na pepo wabaya, na kunakotokana na maradhi ya mwili ambayo ni kazi ya matabibu. Basi anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kwa jina la dini hana hata kauli ya wanazuoni hao ya kuegemea.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), mwanamke aliyekuwa akianguka alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba dua. Akapewa khiyari: asubiri apate Pepo, au aombewe afya. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke nguo anapoanguka, na Mtume akamwombea. Tuzingatie: hakufukuzwa, hakutiwa aibu, na sitara yake ilihifadhiwa. Leo mwenzake huondolewa madrasa, hupewa talaka, au huachwa aungue jikoni kwa kuwa watu wanaogopa kugusa povu lake. Kifafa hakiambukizi kwa kuguswa.

Basi tunanasihi haya. Anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumdhuru, asitiwe kijiko wala chochote kinywani; ikipita dakika tano hajatulia, akimbizwe hospitali. Asomewe Qur'ani na aombewe dua, lakini asiachishwe vidonge, maana kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika na kumuua. Ramadhani ikikaribia, amuulize daktari wake; akiambiwa saumu itamdhuru, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara. Na maimamu walitaje jambo hili katika khutba, kwani neno la mimbarini hufika nyumba ambazo daktari hajafika.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, akatueleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa ya wengi katika wagonjwa hawa imekwishajulikana zaidi ya miaka 100. Iliyobaki ni amana yetu kuwafikisha kwenye dawa hiyo.