Tusiunde Istilahi za Bahari Kabla ya Kumwuliza Mvuvi

Aghalabu mwanafunzi wa Ongata Rongai hudhani kwamba bahari haimhusu. La hasha! Mto Mbagathi upitao kando ya mji wake huingia katika Mto Athi, nao Athi hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi.

Huko, maji matamu yenye tope, kwa kuwa ni mepesi, hutandaa juu ya maji ya chumvi. Yakutanapo hutokea mpaka uonekanao kwa macho: upande mmja hudhurungi, wa pili samawati, na katikati povu, majani na taka.

Mpaka huo hautulii. Mvua za masika zinyeshapo bara, mto hufurika na kuusukuma mbali. Wakati wa ukavu husogea karibu na pwani. Mwezi uandamapo au uwapo mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kushuka hata zaidi ya mita 3, nayo mikondo hukoroga maji ya kina kifupi tangu juu hata chini, mpaka ukafifia. Yajapo maji mafu, matabaka hujitenga tena. Kusi ivumapo, tope huelekea kaskazini. Kaskazi ishikapo zamu, hugeukia kusini, kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968.

Msomaji na ayatazame tena maneno hayo: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi. Hakuna hata moja lililoundwa na kamati. Ni mali ya wavuvi na manahodha, na kila moja limebeba maarifa ya majira au ya nguvu za maji. Hata hivyo, darasani elimu hii hutolewa kwa Kiingereza. Hivyo mtoto wa mvuvi hukariri kwa lugha ya kigeni jambo alijualo babake, na mwenzake wa Rongai hamalizi kujua taka atupayo mtoni huishia wapi.

Kwa maoni yangu, hapana budi walimu wa Jiografia na wa Kiswahili washirikiane. Somo lianzie Mbagathi, liishie Sabaki. Na sisi wanaisimu, kabla ya kuketi kubuni istilahi ya mpaka huo wa maji, twende Malindi kwanza tukawaulize wavuvi wanauitaje. Istilahi isiyotoka kinywani mwa watumiaji aghalabu hufia kamusini.