Picha zimefika, lakini hazifunguki

Kikundi kimoja cha akiba kimetuuliza juma hili sababu gani picha za risiti zao ziliharibika njiani. Wako na kompyuta mbili za zamani zilizounganishwa kwa waya, moja ya Windows XP, ingine ya Linux, na walihamisha mafaili kwa FTP. Barua zote zinasomeka. Picha na karatasi ya hesabu ya feza zinakataa kufunguka. Na ile ya Windows wanataka kuiuza Jumamosi!

Tunawaomba wasiuze bado. Mafaili mazima yangali humo.

Mashine hazina ugonjwa. FTP ilianzishwa mwaka wa 1971 na Abhay Bhushan, mwanafunzi wa MIT kule Marekani, wakati kila aina ya kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuandika. Ndiyo maana inabeba faili kwa njia mbili: ya maandishi na ya binari. Windows inamaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa alama moja tu, na njia ya maandishi inasawazisha tofauti hiyo yenyewe. Kwa barua ni msaada. Lakini katika picha alama hizo ni sehemu ya picha, na zikiondolewa picha inakufa.

Programu ndogo ya FTP ya Windows, ile ya dirisha jeusi, inaanza na njia ya maandishi usipoiambia kitu. Mukiisha kuingia, andikeni neno binary, bonyezeni Enter, ndipo mutume tena. Halafu linganisheni ukubwa wa kila faili kwa baiti, pande zote mbili. Ikipungua hata baiti moja, rudieni.

Kama munaingia vizuri lakini orodha ya mafaili haitoki, hiyo ni shida ingine: mara nyingi ukuta wa ulinzi wa Windows unazuia mashine ya pili kuita tena. Ruhusuni FTP katika ukuta huo.

Neno la siri FTP inalipitisha wazi. Kwa waya wa nyumbani haina neno. Kwa intaneti ya saiba, hapana kabisa.

Mweka hazina na mama mwingine wafungue picha mojamoja, kwa mashine zote mbili. Mnunuzi atangoja.