Tunahesabu mifuko, tuhesabu na kompyuta

Kila mufuko wa kasiterite unaotoka Kalima ama Punia unapimwa, unafungwa etiketi, namba inaandikwa. Lakini kompyuta zinazobeba hizo namba, pamoja na majina yetu na mambo ya pansheni, nani amezihesabu? Hapa Kindu tumeuliza katika biro zaidi ya moja. Hakuna mwenye liste.

Ndani ya kompyuta nyingi za siku hizi kuna kipande kidogo kinaitwa TPM. Kazi yake ni kuchunga funguo za siri. Kwa njia yake diski inaweza kufungwa: mwizi akibeba mashine, hasomi kitu. Windows 11 inadai TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhesabu si kazi ngumu. Finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona toleo. Ikisema hakuna, usitupe mashine: mara nyingine kipande kipo, kimezimwa tu. Andika kwa daftari: mashine gani, biro gani, toleo gani. Na kabla ya kufunga diski, funguo ya kuokoa iwekwe kwa karatasi, mbali na mashine. Ikipotea, ni sisi wenyewe tutabakia inje.

Mzee aliyetumika SOMINKI anajua: bila karatasi, miaka ya kazi haina shahidi. Leo karatasi yetu iko ndani ya mashine. Wakubwa wa biro, tunaomba hiyo liste. Na sisi tuko tayari kusaidia kuhesabu.