Ukitaka Urais, Vua Gwanda Kwanza!

Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, Oktoba 2022 alitwiti kwamba yeye na jeshi lake wasingemaliza wiki mbili kuiteka Nairobi. Baba akawaomba radhi Wakenya. Jamaa akaondolewa ukamanda wa nchi kavu, lakini cheo kikapanda! Machi 2023, bado yuko jeshini, akatangaza kugombea urais 2026. Mwaka 2024 akapewa ukuu wa majeshi, kisha akaghairi na kumpigia debe mzee wake.

Huku Bongo, Luteni Kanali Kikwete aliachana na jeshi 1992 vyama vingi vilipoingia, urais akaupata 2005. Kijana wa Bungu, Korogwe, akiwa JWTZ hata kadi ya chama haruhusiwi. Na iwe hivyo hivyo. Mwenye bunduki akikuomba kura, utamnyima? Wadau mnasemaje?